Barua kwa mwanangu: George Town kwa siku chache, wewe na mdogo wako

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imenifikia, na nimeisoma zaidi ya mara moja kwa sababu swali lako ni maswali mawili katika kanzu moja. La kwanza ni kama inafaa, ukishamaliza kozi yako Kuala Lumpur mwezi wa Julai na mdogo wako akishakufikia kutoka Dar es Salaam, mzitumie siku chache mtakazokuwa nazo kwenda George Town, katika kisiwa cha Penang huko huko Malaysia, kama tulivyokwenda mimi na shangazi yako, au mbaki mji mkuu kama wenzako kazini wanavyokushauri. La pili umelificha katika mzaha, kwamba tangu mmekuwa watu wazima wewe na mdogo wako hamjawahi kukaa pamoja kupita mlo mmoja bila kuvutana, na ungependa kujua sisi wazee tuliwezaje. Nitayajibu yote mawili, ila usinitake niyatenganishe, kwa sababu mji ule nisingeuona nilivyouona kama ningekwenda peke yangu au na mtu mwingine asiyekuwa dada yangu.

Nendeni. Kuala Lumpur ni mji mkubwa wenye raha zake, na yale majumba pacha ya Petronas, yenye ghorofa 88 na urefu wa mita 452, mtayaona hata msipoyatafuta. Lakini mji wa namna hiyo unataka siku nyingi na fedha nyingi za teksi, na mgeni wa siku mbili tatu huishia kuona maduka yanayofanana na yale ya Dubai uliyokwisha yazoea. George Town ni kitu kingine. Sehemu yake ya kale inatembeleka yote kwa miguu, na kwa mtu aliyezaliwa Mji Mkongwe kama wewe, kila kona itakudai ufikiri. UNESCO iliuandika mji huo pamoja na Melaka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, miaka minane baada ya Mji Mkongwe wetu na miaka saba baada ya Lamu, na sababu zilizotolewa zinafanana mno na zetu: bandari ya biashara ambamo watu wa dini na makabila mbalimbali walijenga kuta zao ubavu kwa ubavu.

Historia yake nikueleze kwa ufupi, kwa kuwa najua hutaisoma mpaka uwe ndani ya ndege. Mwaka 1786 Francis Light wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki alikitwaa kisiwa kutoka kwa Sultani wa Kedah kwa ahadi ya ulinzi ambayo kampuni haikuitimiza hata siku moja, akaupa mji mpya jina la mfalme wake, George wa Tatu. Bandari ikafanywa huru bila ushuru, na aliyefyeka kipande cha msitu aliruhusiwa kukimiliki. Wenyeji husimulia kwamba Light alijaza sarafu za fedha katika mzinga akazifyatua msituni ili watu wafyeke kwa pupa. Mimi nimefundisha historia miaka mingi na hadithi za namna hiyo huzisikiliza kwa sikio moja, lakini hii inapendeza. Lililo hakika ni kwamba watu walimiminika: Wachina wa Hokkien, Watamil Waislamu kutoka pwani ya Kusini mwa India, Waacheh wa Sumatra, Waarmenia, Wasiamu wa Thailand ya leo, na Waarabu wa Hadhramaut, ambao hao hao na majina yao hayo hayo walikuja pia Lamu, Unguja na Ngazija kwa pepo za msimu za bahari hii moja.

Kutoka Kuala Lumpur pandeni treni ya umeme ya ETS katika kituo cha KL Sentral mpaka Butterworth, safari ya kiasi cha saa nne, kisha mvuke kwa feri. Ndege ipo na haichukui zaidi ya saa moja, na daraja la kilomita 13.5 lililofunguliwa mwaka 1985 lipo kwa wenye magari, lakini mji wa bandari huingiwa kwa bahari. Feri ikishakaribia mtaona majengo marefu ya zamani ya serikali na ya makampuni ya meli yaliyopangwa ufukweni, na mnara wa Komtar umechomoza peke yake nyuma yao kama mtu aliyekosea shughuli, na mkishateremka mtakuwa karibu kiasi cha kuweza kwenda mnakolala kwa miguu huku mkiburura masanduku. Laleni ndani ya mji wa kale, hata kama chumba ni kidogo. Hoteli za ufukweni za Batu Ferringhi ni nzuri kwa wanaotaka pwani, lakini nyinyi pwani mnayo, na bora kuliko ile.

Sasa mitaa yenyewe. Nyumba nyingi za George Town ni za duka chini na makazi juu, nyembamba mbele na ndefu mno kwenda nyuma, zimegusana kuta, na katikati ya kila moja kuna uwazi usioezekwa unaoingiza mwanga na hewa. Mbele, chini ya ghorofa ya juu, mwenye nyumba alitakiwa na sheria aache njia ya kupita iliyofunikwa, ya upana wa futi tano hivi, ili mpita njia asipigwe na jua wala mvua, na njia hizo zikiungana nyumba kwa nyumba unaweza kutembea mtaa mzima chini ya kivuli. Siku hizi nyingi zimezibwa na pikipiki, meza za chakula na mitungi ya gesi, kwa hiyo utakuwa unaingia na kutoka, mara kivulini mara barabarani, na hapo ndipo utakapoona kwamba anayetembea nawe anaangalia nini. Mimi nilikuwa naangalia juu, kwenye madirisha yenye vibao vya kupepea hewa, maua ya plasta na tarehe zilizochongwa. Shangazi yako alikuwa anaangalia chini na ndani: vigae vya sakafu, sufuria zilizoanikwa, cherehani ya zamani iliyokuwa ikitumika bado katika duka moja la mapazia, ambako tulikaa muda mrefu kuliko tulivyokaa katika jumba lolote la makumbusho, yeye na mwenye duka wakielewana kwa vidole na vitambaa tu.

Anzieni mitaa ya Lebuh Acheh na Lebuh Armenian, na msiwe na haraka. Msikiti wa Lebuh Acheh ulijengwa mwaka 1808 na tajiri wa Kiarabu kutoka Acheh, Syed Hussain Aidid, aliyekuwa akifanya biashara ya pilipili manga, na eneo lililouzunguka lilikuwa la wafanyabiashara wenzake. Baadaye mtaa huo ukawa mahali pa kukusanyika mahujaji wa Malaya ya kaskazini, Sumatra na Siamu ya kusini waliosubiri meli za Jeddah. Walilala katika nyumba za mtaa, wakanunua ihramu, vitabu na vyakula vya safari, na watu wakawa wanauita Jeddah ya pili, mpaka safari za meli zilipokoma katika miaka ya 1970. Mnara wa msikiti ni wa pembe nane, na juu yake kuna tundu la mviringo ambalo wenyeji husema lilitobolewa na mzinga katika ghasia za mwaka 1867. Ua wake ni mkubwa, una kivuli, na una makaburi. Dada alipoona jina la ukoo kwenye kaburi la mwanzilishi alisimama akasoma Fatiha kana kwamba ni la jirani yake wa Malindi kwetu Unguja, kisha mzee aliyekuwa akifagia ua akatuuliza kwa Kiarabu cha kuungaunga kama na kwetu masharifu wapo. Hapo dada alianza kuwahesabu, ukoo kwa ukoo, nani kaoa wapi na nani kahamia Muscat, na ilibidi niwakumbushe kwamba adhuhuri imekaribia.

Kutoka hapo hadi Msikiti wa Kapitan Keling ni mwendo mfupi. Huo ulianzishwa mwaka 1801 na kiongozi wa Waislamu wa Kihindi, ingawa kuba na mnara mnavyoviona leo ni vya marekebisho ya mwanzoni mwa karne ya 20. Katika mtaa huo huo mmoja, ambao Waingereza waliuita Pitt Street, mtapita hekalu la Wachina la Kuan Yin, ambako moshi wa udi wa vijiti hutoka mpaka barabarani, kisha mtaa wa pili yake hekalu la Kihindu la Sri Mahamariamman, na mwisho kanisa la St George la mwaka 1818 lenye nguzo nyeupe. Waongoza wageni huuita mtaa wa maelewano, na mimi nadhani jina hilo linahitaji chumvi kidogo. Katika ghasia zile za 1867 mji uliungua kwa siku kadhaa kwa sababu vyama viwili vya siri vya Kichina vilipigana, na kila kimoja kilikuwa na Waislamu wake, Bendera Nyeupe upande mmoja na Bendera Nyekundu upande mwingine. Yaani waliogawanyika hawakugawanyika kwa dini wala kwa rangi. Waligawanyika kwa kodi, kasumba na ubabe wa mitaa. Hilo lilinivutia kuliko picha ya misikiti na mahekalu kupangwa pamoja, na ukifika Khoo Kongsi, ukumbi wa ukoo wa Khoo, utaona mwenyewe jinsi ua wake ulivyozungushiwa nyumba na kuachiwa mlango mwembamba, kama ngome. Ukumbi wa kwanza ulishika moto mwaka 1901 mara baada ya kukamilika, na watu wakasema miungu imechukizwa na paa lililofanana mno na la mfalme wa China. Wakajenga mwingine, mdogo zaidi, wakaumaliza mwaka 1906. Huo mdogo ndio utakaokuacha kinywa wazi.

Kuna nyumba mbili za matajiri zilizo wazi kwa wageni, na kwa siku chache chagueni moja. Mdogo wako apewe nafasi ya kuchagua. Jumba la kijani, Pinang Peranakan Mansion, lina vitu vingi vya Wababa na Wanyonya, wazao wa Wachina walioingia zamani wakachanganyika na wenyeji. Humo dada alisimama mbele ya kabati la kebaya, zile blauzi nyembamba za Wanyonya zilizotobolewa na kudariziwa kwenye mapindo, akagundua kabla ya kuambiwa kwamba hazina kifungo hata kimoja na kwamba zinafungwa kwa bizimu tatu zilizounganishwa kwa mnyororo. Kabati la pili lilikuwa na vyombo vya tambuu vya fedha: kijaluba cha chokaa, cha popoo, mkasi wa kukatia popoo wenye mikono iliyochongwa. Kisiwa chenyewe kimeitwa kwa jina la mpopoo. Bibi yenu mzaa baba alikuwa na mkasi wa namna hiyo, wa chuma tu, na dada ndiye anayeukumbuka. Mimi nilikuwa mdogo mno.

Sisi tulikwenda pia katika jumba la buluu, la Cheong Fatt Tze, mtu aliyeanza maisha kwa kuchota maji Batavia, Jakarta ya leo, akafa mwaka 1916 akiwa mmoja wa matajiri wakubwa wa sehemu zile. Lina vyumba 38, nyua 5 na madirisha 220, na rangi yake ni chokaa iliyochanganywa na nili, ambayo hunyonya na kupumua na haibambuki kama rangi za kopo. Mvua kubwa ilinyesha tukiwa ndani. Maji yalianguka katikati ya nyumba, ndani ya ua wa kati, sisi tumekaa kwenye viti pembeni tukiwa wakavu, na mwongozaji akatueleza kwamba maji hupitishwa chini ya sakafu ili kuipoza nyumba kabla hayajatoka. Shangazi yako akaniambia, bila kunigeukia, kwamba nyumba ya bibi yetu kule Malindi ilikuwa hivyo hivyo kabla hawajaifunika ua kwa mabati, kwamba mvua ya masika ilinyesha ndani na watoto walitumwa kupanga ndoo, na kwamba ua ulifunikwa baada ya mama yetu kuteleza akiwa na mimba yangu. Mimi niliishi katika nyumba ile nikidhani mabati yale yaliwekwa na babu kwa ajili ya kivuli. Ndugu mkubwa huwa na nyumba ambayo mdogo hakuwahi kuishi, ingawa anwani ni moja, na wewe unazo habari za namna hiyo ambazo mdogo wako hajazisikia. Usimpangie siku ya kumwambia. Zitatoka zenyewe mkiwa mmekaa mahali mnasubiri mvua ipite.

Kuhusu kuvutana: tulivutana, tena siku ya kwanza. Ndugu wakisafiri pamoja hurejea vyeo vyao vya utotoni, mkubwa akaamrisha na mdogo akanuna, hata kama mdogo ana wajukuu. Dada huamka kabla ya alfajiri na akishaswali anataka kutoka. Mimi nataka chai, gazeti na kusoma kila kibao kilichobandikwa ukutani. Tulichokubaliana ni kwamba asubuhi ni yetu sote, kuanzia mapema mpaka jua linapokuwa kali, na yeye ndiye anayeshika uongozi kwa sababu saa hizo ndizo anazozijua. Adhuhuri tunarudi kulala. Alasiri kila mtu ana uhuru wake na haulizwi alikokwenda, na baada ya magharibi tunakutana kula. Sehemu ya alasiri ndiyo iliyotuokoa, kwa sababu tulipokutana jioni kila mmoja alikuwa na jambo ambalo mwenzake hakuliona. Fedha za chakula na nauli tuliziweka katika mkoba mmoja aliokuwa nao yeye, kila mtu ametia kiasi sawa. Na hapa nikusihi wewe binafsi: najua mshahara wako unauzidi wa mdogo wako mara kadhaa, na najua utataka kulipa kila kitu kwa upendo tu. Usifanye hivyo. Mtu anayelipiwa kila kitu hawezi kusema kwamba amechoka, wala kwamba hapendi mahali mlipo, na mkifika hapo safari imekuwa yako peke yako.

Chakula ndicho kinachowaleta Wamalaysia wenyewe Penang, na hapo msiwe wavivu. Nasi kandar ni wali na michuzi ya Watamil Waislamu. Zamani muuzaji alibeba kwa mzega, wali upande mmoja na mchuzi upande mwingine, akawauzia makuli wa bandarini. Siku hizi ni maduka, na la Hameediyah katika Lebuh Campbell linauza tangu mwaka 1907. Unasimama katika mstari, unaonyesha kwa kidole kuku, bamia, mayai ya samaki au chochote unachokitaka, kisha mhudumu huchota mchuzi wa sufuria hii kidogo, na wa ile kidogo, na wa ile nyingine, akaumwagia wali mpaka unaelea. Ukitaka hivyo mwambie banjir, naye atafurahi. Ulizeni bei kabla ya kuonyesha kamba wakubwa na ngisi. Asam laksa ni tambi nene katika supu ya samaki na ukwaju, yenye mnanaa, nanasi na uduvi uliochachushwa, na dada, ambaye hakuna urojo wa Forodhani asioutia kasoro, aliinywa yote kimya. Vibanda vingi vya barabarani ni vya Wachina na hutumia mafuta ya nguruwe, kwa hiyo tazameni alama ya halali au kaeni kwa Watamil na Wamalay, njaa haitawapata.

Tena kungumanga. Waingereza waliileta Penang pamoja na karafuu ili wajaribu kuwavunjia Waholanzi ukiritimba wao wa viungo, na ingawa mashamba mengi yalikufa, mikungumanga bado ipo upande wa Balik Pulau. Sisi nyumbani tunachukua kokwa na basibasi, na nyama ya tunda aghalabu tunaitupa. Wao nyama hiyo ndiyo wanayoitaka: huikata vipande wakaitia sukari au siki, wakaiuza kwa mizani katika soko la Chowrasta, na huitengenezea sharubati nyepesi yenye barafu ambayo hupoza koo vizuri kuliko soda. Dada alionja kipande kimoja, akauliza kinalowekwa muda gani, akanunua kilo nzima, na aliporudi Unguja akaanza kuwafundisha wanawake wa Kizimbani. Kwa kuwa mnakwenda Julai mtaukuta msimu wa doriani pia. Ya kwao ni laini na chungu kidogo, na hupewa majina na bei kama ng'ombe wa mashindano. Kuleni hapo hapo kibandani, maana hoteli hairuhusu kuiingiza, na harufu yake unaijua.

Yaliyobaki nitayapita. Kilima cha Penang kina reli ya kamba tangu miaka ya 1920, na juu kuna baridi ya kupendeza, lakini foleni yake inaweza kula nusu siku. Mkitaka, pandeni basi namba 204 asubuhi na mapema, na mkishuka mpitie hekalu la Kek Lok Si hapo Air Itam, lenye mnara ambao chini yake ni wa Kichina, katikati wa Kisiamu na juu wa Kiburma. Michoro ya ukutani iliyoanza mwaka 2012, hasa ile ya watoto juu ya baiskeli, ni kazi nzuri iliyoharibiwa na foleni ya kupigia picha. Mdogo wako atataka kuipiga. Mwache aende alasiri yake.

Lakini msikose magati ya koo, hasa la ukoo wa Chew, lile kubwa zaidi. Ni mitaa ya nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo baharini, iliyojengwa na wavuvi na wapakuzi wa meli tangu mwishoni mwa karne ya 19, na watu bado wanaishi humo, ingawa vibaraza vya mbele vimejaa fulana na barafu za kuuza. Kuna milango iliyobandikwa maombi ya kutopiga picha ndani, iheshimuni. Magati mawili yalibomolewa mwaka 2006 ili kujenga maghorofa, miaka miwili kabla ya UNESCO kuuandika mji, na hilo likunong'oneze jambo kuhusu kwetu. Mwaka 2000 ilifutwa sheria iliyokuwa imezuia kodi za nyumba za kale zisipande, na kwa muda mfupi mafundi seremala, wafua fedha, wasuka vikapu na familia zilizokuwa humo kwa vizazi zikahama, nyumba nyingine zikafungwa na nyingine zikawa hoteli. Utakapokuwa umelala katika chumba chako kizuri chenye boriti za zamani, jua kwamba kuna aliyekuwa akilala humo. Sisemi msilale. Nasema mnunue viatu kwa fundi, chai kwa mzee wa kona na mapazia kwa mwenye cherehani, kwa sababu hao waliobaki ndio mji, na ukiirudia mitaa yetu ya Hurumzi na Kiponda utawatazama waliobaki kwa jicho hilo hilo.

Mambo ya visa na tiketi mnayajua kuliko mimi. Ndani ya mji wa kale kuna basi la bure la CAT linalozunguka, na jua la saa sita si la kuchezea, kwa hiyo chukueni kofia na mwavuli mmoja kila mtu, si mmoja kwa wawili. Ikiwa Ijumaa itawakuta huko, mdogo wako aswali Kapitan Keling, na wewe chukua mtandio na uulize mapema upande wa wanawake. Shangazi yako anasema yule mwenye duka la mapazia yuko Lebuh Kimberley, upande wa kulia ukitokea Komtar, na kama bado yupo mnunulie uzi wa hariri wa kijani kibichi, si wa kijani kingine, naye atakurudishia fedha. Mimi sitaki kitu, ila ukishakata tiketi nitumie tarehe ili nijue lini nisikupigie simu.

Nisalimie mdogo wako.

Wasalaam,
Baba yako